Mtani, Nataka Kuona

Mtani wangu Shomari,

Salamu sikupi. Wewe mwenyewe hukuwahi kunisalimia kama watu wanavyosalimiana. Ulikuwa unashuka kutoka Mlali na mikungu yako ya ndizi, ukifika barazani kwangu Mji Mpya unaanza na tusi: "We mtumwa wangu, hujafa tu?" Wateja wageni walishtuka. Ilibidi niwaeleze kwamba koo zetu ni watani tangu kwa mababu, kwamba huyu ana haki ya kunitukana na mimi nina haki ya kumtukana, na hakuna wa kukasirika. Sasa umekufa wewe, na mimi nimekasirika.

Kopo la maharage nimeliweka rafu ya juu, nyuma ya mabaki ya vitambaa. Unakumbuka tulikubaliana tusichezee hela, kwa sababu kamari ni haramu na kwa sababu wake zetu wangetufukuza. Ukaleta maharage ya shambani kwako, yakawa ndiyo dau letu miaka yote, yakashikwashikwa mpaka yakang'aa. Mchezo wenyewe wa karata, poka, ulijifunza kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, ulipokuwa ukiwapikia madereva, ukatufundisha mimi na Salum, kinyozi wa jirani. Jumamosi mchana, cherehani ikipumzika, unagawa karata tano tano. Kila mtu anazibana zake kifuani, kisha mmoja anasukuma maharage mbele, maana yake zake ni nzuri. Ukimwamini unatupa zako. Usipomwamini unamwita: unaweka maharage sawa na yake na kusema, "Nataka kuona."

Salum alitaka kuona kila mara, kwa hasira, na kila mara aliondoka mikono mitupu. "Usimwite mtu kwa sababu umechoka kudanganywa," ulimwambia. "Mwite kwa sababu hadithi yake haikai." Ulitufundisha kurudi nyuma na kuipima hadithi yote: mwanzoni alisukuma machache au mengi, alibadilisha karata ngapi, alisita wapi. Mtu aliyetupa karata karibu zote akaomba mpya, halafu anasukuma rundo zima bila kupepesa macho, hapo kuna uongo. Lakini kwako, mtani, sikuhitaji hesabu yote hiyo. Siri yako niliigundua mapema nikakaa nayo. Ukiwa na karata mbovu unatania, unamtukana kila mtu, hata mbuzi anayepita. Ukiwa na karata nzuri unanyamaza. Kwa hiyo ukiropoka nilikuita, ukinyamaza nilitupa zangu na sikubishana.

Halafu ukaanza kuniletea suruali. Mara ya kwanza ulisema mkeo, mama Zuhura, amepunguza mafuta kwenye mboga, nikakupunguzia kiuno. Ulipoirudisha ukasema mimi ni fundi mbovu, nimekosea vipimo. Nikacheka, lakini nilipokuwa nabana pini vidole vyangu viligusa mfupa wa nyonga, na nyonga yako kabla ya hapo sikuwahi kuigusa mfupa. Ukasema ni vidonda vya tumbo, na huku unajimwagia pilipili kwenye mihogo. Ukasema hupandi tena shamba la juu kwa sababu ndizi hazina bei, wakati msimu ule zilikuwa na bei kuliko miaka yote. Na ulikuwa unatania, Shomari! Hujawahi kutania vile. Salum alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi kwa taulo la wateja, na mimi nilikuwa nacheka naye huku nakitazama kiuno chako.

Nilijiuliza sana nikuite lini. Nikiwahi, ungenitukana, tungecheka, ungeondoka na uongo wako mzima na usingenipa nafasi nyingine. Nikichelewa, kila kitu kingekuwa kimeshasukumwa katikati. Ulipoileta tena suruali ileile, nikaona hakuna cha kusubiri. Salum alikuwa kwake ananyoa. Ukaanza, "We mtumwa, safari hii ukikosea nakuuza Dakawa ukafukuze ndege kwenye mpunga..." Nikaweka mkasi chini.

"Mtani," nikasema, "nataka kuona."

Ulinitazama, ukainua shati. Tumbo lilikuwa limevimba upande wa kulia, chini ya mbavu, ngozi imekaza inang'aa.

"Ini," ulisema. "Daktari alikuwa anaongea na makaratasi yake. Hakunitazama hata mara moja, nikajua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujashika suruali yangu."

Kumbe kila kitu kilikuwa katikati tangu mwanzo. Nilikusoma sawasawa, nikakuita, nikaona, na haikusaidia kitu. Hilo hukutufundisha, mtani, mtu afanye nini akishaona. Niliweza kusema tu kwamba mama Zuhura lazima ajue.

"Nitamwambia mahindi yakishavunwa," ulisema, ukashusha shati. "Umeshaona. Sasa zifunike."

Nikazifunika. Nikakupunguzia suruali, ukanitukana kwa kazi mbovu, ukaenda zako.

Mahindi yalikuwa bado mabichi tulipopanda Mlali kukuzika. Mama Zuhura alinishika mkono uani, akaninong'oneza. "Shemeji, nilijua. Nilijua tangu alipoacha kugombana na mimi kuhusu chumvi. Nikamwacha aendelee na uongo wake, maana ndio uliokuwa unamwinua asubuhi." Nikamwambia na mimi nilijua. Tukatazamana kama wezi waliokutana dirishani.

Kazi ya mtani msibani unaijua, na haina udhuru. Wenzangu walikuwa wanakulilia, mimi natakiwa kuchekesha. Kabla hawajakushusha nikaruka ndani ya kaburi lako, nikakaa kwenye udongo mwekundu, nikasema sitoki mpaka nilipwe changu. Shehe aligeuka akatazama mawingu mlimani, akatuachia. Nikapiga kelele: "Msimzike huyu! Mwongo huyu, mimi namjua! Amejilaza ili akwepe palizi!" Watu wakacheka huku wanalia, hata mama Zuhura. Jeneza lilikuwa limewekwa ukingoni, karibu na kichwa changu. Nikaligonga kwa kidole.

"Mtani, nataka kuona."

Wao walicheka tena. Walidhani ni utani tu, na ulikuwa utani, lakini nakuambia wewe peke yako kwamba nilisubiri. Nilisubiri tusi. Ungeniita mtumwa, ungeniita fundi mbovu, lolote, ningelipokea na kulia kwa furaha mbele za watu wote wa Mlali. Hukusema neno. Ulikuwa kimya, Shomari, kimya kilekile cha barazani ulipokuwa na karata nzuri mkononi, na miaka yote ile mimi sikuwahi kubishana na kimya chako.

Nikatupa zangu. Nikashika mkono wa mtu nikatoka nje, nikawapisha. Waliniletea kuku wangu wa utani, nikamwachia mama Zuhura.

Salum ananiuliza tutacheza lini. Nimemwambia bado. Kila Jumamosi mchana nazima cherehani, nakaa barazani, na barabara ya kutoka Mlali naiona vizuri kutoka hapa. Ndizi zinashuka na watu wengine. Wananisalimia kwa adabu, wote, na sijui niwajibu nini.

Pumzika, bwana wangu. Nakujibu lile swali lako la kila siku.

Mimi mtumwa wako,
sijafa tu.