Mahindi Tuliyofukia kwa MaNgcobo

Jumamosi, 21 Machi 2015
Nimerudi kutoka bara, ng'ambo ya Ixopo. Pasta Nduwimana alinituma kukagua: yakitokea tena mashambulizi dhidi ya wageni kama ya 2008, familia zetu za Warundi wa Greyville, hapa Durban, zinaweza kukimbilia huko na kujitegemea? MaNgcobo, muumini mwenzetu wa Kizulu, ametuachia nyumba ya marehemu mama yake.
Chemchemi ipo, maji masafi. Udongo mzuri. Zahanati mbali mno. Barabara moja tu — nzuri kwa kujificha, mbaya kwa kukimbia.
MaNgcobo alitaka kunipeleka kwa induna, mkuu wa kijiji, nimsalimie. Nikakataa. Kwenye mauaji ya Burundi mwaka 93 waliopona ni wale ambao kilima kizima hakikujua walipo.

Jumamosi, 28 Machi
Tumepeleka mahindi, maharage, chumvi. Mimi na Cyprian wa kanisani tulichimba nyuma ya zizi, tukafukia magunia ndani ya plastiki, majani juu, kama mama alivyofanya kule Ngozi, Burundi. Cyprian anatania, akiniita kaka mkubwa kama kwetu: "Grand, hata panya watatafuta kwa GPS." Mwanamke alipita na kuni. Tulimsalimu. Hakuitikia.

Jumanne, 14 Aprili
Mjini kumechafuka. Maduka ya wageni yanavunjwa. Saluni ya mke wangu Joséphine — wamebeba hata vioo. Yeye mzima. Jirani wa Kizulu alimfungia chooni, akasimama mlangoni, akawaambia humu hakuna mtu.
Pasta aliuliza: mahema ya serikali, au bara? Wote wakanitazama mimi. Nikasema bara.

Jumatano, 15 Aprili
Tumefika na teksi mbili, zimesharudi. Shimo liko wazi. Magunia yamechomwa moto yote. Hakuna aliyeonja hata punje.
MaNgcobo alikwenda kuuliza kwa majirani. Mtoto alikufa hapa, wiki moja baada ya sisi kuchimba. Wanasema wageni walizika uchawi.
"Nilikuambia, Baba," alisema, kwa Kiingereza, bila kupaza sauti. "Kwetu mgeni anaanza kwa induna. Anayeanza nyuma ya zizi ni mchawi."
Nilikagua maji, udongo, barabara. Watu niliwaandika kama hatari ya kukwepa.
Sasa tumekaa kwenye nyasi nje ya uzio wa induna. Wanaume wana fimbo, hawatusogelei. Joséphine anawanyamazisha watoto kwa biskuti za mwisho. Induna ameuliza jambo moja: nani alichimba? Cyprian akaangalia viatu vyake. Nikainua mkono.
Amesema tumngoje mama wa mtoto. Yeye ndiye atakayesema kama tunalala hapa.
MaNgcobo anasema nisianze na mahindi, nianze na pole. Miaka tisa Durban, bei zote nazijua kwa Kizulu. Pole ya msiba sijui. Ananitamkia, narudia, anatikisa kichwa, ananitamkia tena. Mama mwenyewe anashuka njiani, blanketi mabegani, ameshafika kwenye uzio. Naacha kuandika, nasimama.