Kola ya Arobaini na Moja

Dada mpenzi,

Mwanao uliyeniachia sasa hivi amejaza vifungo mdomoni, nimevitoa kwa kidole naye anacheka. Anashinda chini ya cherehani yangu, maana tangu juzi wenzangu hawampokei tena. Hapa kiwandani tunapokezana kulea watoto, na hakuna anayeshona zaidi ya kola arobaini kwa siku. Juzi nilishona hamsini, nikitumaini kazi ya kudumu. Bibi Sindano, mkongwe wetu, akanifokea: "Ukikimbia wewe, kesho sote tutakimbizwa!"

Dada, ni kweli. Lakini msimamizi anachagua mtu wa kazi hiyo leo. Nimesimama kwenye arobaini, ndiyo nikapata nafasi ya kukuandikia. Msimamizi ananitazama, mguu wangu unacheza juu ya pedeli ya cherehani. Moja tu zaidi, labda...

Bibi Sindano ananyoosha mikono: "We mama, mlete huyo mla vifungo!" Ngoja nimpe, kabla mguu huu haujakanyaga.