Siku Mbwa wa Bwana Waliposhuka Ikombe

Kituoni, 8 Oktoba 1907

Kwa mpwa wangu Neli, Ikombe.

Ugonile, mwanangu? Homa imekuachia? Mimi ni mzima wa kupita kiasi. Mama yako huko Ngonga analalamikia mgongo na majirani, basi naye yu mzima.

Barua yako nimeipata. Usilie tena. Mjomba wako hapa si mtu wa kusimama mlangoni. Bwana Mjerumani wa kituo akikohoa, mimi ndiye ninayejua kama anataka chai au anataka mashua. Juzi kiboko alituzibia mlango wa mto, askari wakaruka majini na bunduki zao. Mimi nikamwambia kwa Kijerumani ondoka, akazama. Waulize wapiga makasia.

Sasa habari ya mumeo Yotamu. Nilimweleza Bwana kwamba hakutupa mzigo wa serikali kwa ukaidi, ila alisikia mkewe anakufa kwa homa, akarudi nyumbani. Bwana akasema kila mtoro ana mke mgonjwa. Sikukubali. Nikazungumza naye mpaka akacheka, akasema Jumamosi ya tarehe kumi na tisa anakwenda Ikombe kuwaogesha mbwa wake na kula nyama mchangani, na Yotamu atapiga kasia. Wewe ukishuka mwenyewe hadi mashuani ukamshika mkono, atafunguliwa pale pale. Usipokuja, anakwenda na msafara wa pwani, na waliokwenda mwaka jana unajua kwamba hatujamwona hata mmoja.

Basi kazi yako ni kushuka na kushika mkono. Mengine niachie.

Mimi mjomba wako,
Hezroni


Ikombe, 12 Oktoba 1907

Mjomba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Homa imepungua, natembea, jana nimefinyanga vyungu viwili. Ndaga fijo, asante sana, mjomba. Nimesoma barua yako mara nyingi hadi imelegea.

Nitashuka. Ningeshuka hata kwa magoti.

Nina ombi moja. Unajua mimi ni binti wa Kinyakyusa, na kwa mwiko wetu tangu niolewe sijaonana uso kwa uso na baba yake Yotamu. Akipita njia hii, mimi napita migombani. Jina lake silitamki, na hapa siliandiki. Siku hiyo tafadhali aambiwe akae juu nyumbani mpaka mashua iondoke. Akisimama pale ufukweni sitaweza kupita, mjomba. Miguu yenyewe itakataa.

Barua hii anakuletea Atuganile, anakuja na mtumbwi wa vyungu.

Ni mimi mpwa wako,
Neli


Kituoni, 20 Oktoba 1907

Kwa Neli.

Salamu. Natumaini mguu unaendelea vizuri.

Nakuandikia kwa sababu wewe ulikimbia mapema, hukuiona siku yenyewe ilivyokuwa. Ziwa lilikuwa limelala kama mafuta. Jua la kupendeza. Mbwa watatu, warefu kama ndama, wamekaa mbele ya mashua, ndimi nje, na mimi nimewashika kamba wote kwa mkono mmoja. Bwana akaniambia hajapata kuona mtu mweusi anayependwa na mbwa namna ile. Mumeo alipiga kasia vizuri. Alikuwa na pingu ya mguu imefungwa kwenye ubao wa kukalia, nao wapiga makasia huketi wakiipa mgongo nchi wanayoiendea, kwa hiyo uso wake ulikuwa unatazama tulikotoka.

Ni kweli uliniomba habari ya mkwe wako, mzee Sadoki. Lakini fikiria. Bwana mkubwa kama yule hapokewi na wanawake wenye udongo mikononi. Nilituma neno wazee wote washuke, na yeye asimame katikati, kwa kuwa ana mvi za kutazamika. Nikajua siku moja utavumilia, ninyi ni Wakristo.

Ukashuka na chungu kichwani, umependeza, mimi nikamwonyesha Bwana, yule pale. Mara umemwona mzee, umetupa chungu, umefunika uso na nguo, umeingia kwenye matete. Umeniaibisha mbele ya watu. Bwana akaniuliza kuna nini. Nilitafuta la kusema, akacheka, mambo yakaenda kwa amani. Akasema mbwa nao wanyooshe miguu, akanipa ishara, nikaachia kamba.

Mbwa wale hawali watu. Wanacheza. Tulisikia kelele zako, na wapiga makasia wengine walicheka sana, nikacheka nami, maana mtu huwezi kukaa umenuna Bwana anapocheka. Kisha mzee Sadoki naye akaingia matete na kafi, hata sijui alifuata nini, akampiga mbwa mmoja puani. Nimemwombea msamaha. Isingekuwa mjomba wako angelambwa viboko ishirini na vitano.

Nyama ilikuwa tamu. Msafara unaondoka Jumatatu ya tarehe ishirini na nane.

Mjomba wako,
Hezroni


Ikombe, 22 Oktoba 1907

Mjomba,

Shikamoo. Mguu umevimba hadi kwenye nyonga, naandika nimelala.

Unasema hujui mzee alifuata nini, basi nikuambie. Mbwa mmoja alinishika paja, mwingine alikuwa na nguo yangu mdomoni, anaivuta. Nilibaki kama nilivyozaliwa. Ndipo nikasikia matete yanavunjika. Alikuwa amejifunga kitambaa machoni. Alikuja anaanguka na kuinuka, anapiga kafi pale aliposikia mbwa, nyingine zinanipata mimi. Miaka minne niko nyumbani kwake hajapata kuniambia neno. Siku hiyo alisema: "Sikuoni, mama. Sikuoni." Akarudia hivyo mpaka mbwa walipoitwa. Wamemtafuna mkono wa kulia. Hatashika kafi tena.

Nilipotambaa kutoka, mashua ilikuwa mbali. Nilimwona Yotamu, maana sasa uso wake ulitazama kwetu. Nilipunga mkono. Hakupunga.

Mjomba, sikulaumu. Mguu utapona au utakatwa, na msafara siwezi kuuzuia. Nataka jambo moja tu. Mwambie Yotamu kwamba baba yake alikuwa amesimama pale. Hakumwona, alikuwa ameupa ufukwe mgongo, na alipogeuka aliniona mimi tu nakimbia. Akijua nani alikuwa pale ataelewa yote, huna haja ya kuongeza lolote. Ni maneno machache. Mwambie kabla ya Jumatatu.

Nakuomba kama mtoto.

Mpwa wako,
Neli


Kituoni, 17 Novemba 1907

Kwa mpwa wangu Neli.

Ugonile? Nimechelewa kujibu, usinihesabie. Kazi zimeongezeka. Bwana amenikabidhi mbwa wote, chakula chao na kulala kwao, na kofia nyekundu nimepewa. Utakapoiona hutanijua.

Barua yako ilifika Ijumaa, kabla ya msafara. Nilikusudia kumwambia. Lakini hebu nielewe na mimi. Siku ile pale ufukweni, Bwana aliponiuliza kwa nini unakimbia, nilimwambia kwa mzaha kwamba pengine umekwisha kupata mume mwingine. Ndicho kilichomchekesha. Anakisimulia mpaka leo kwa wageni, na mimi hunionyesha kwa kidole. Sasa ningesema ni habari ya mkwe, Bwana angeniuliza mbona sikusema mapema, na nani aliyemwita mzee. Ningebaki na uso gani?

Jumatatu asubuhi walipitishwa mbele yangu kwa mnyororo mmoja. Mumeo amekonda kidogo, lakini anatembea. Alisimama, wenzake wakamvuta, akasimama tena. Akaniuliza: "Mjomba, Neli amesema nini?"

Bwana alikuwa barazani, anatazama.

Nikamjibu: "Hakusema kitu."

Akaitikia kwa adabu tu. Akanishukuru, ndaga, akashika njia na wenzake.

Mimi mjomba wako akupendaye,
Hezroni