Mikono ya Wazazi wa Nkuhungu

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili

Dada Evelina,

Shikamoo. Karanga zako za Haneti zimefika. Watoto wamezimaliza mbichi.

Tangu tumzike Ruthu wangu, aliyeanguka akikimbia shuleni, wazazi wenzangu hawakuniacha. Siku ile alipoanguka watu walimmwagia maji tu, kwa kutojua kuwa ni moyo. Basi tukaungana, tukamwita muuguzi atufundishe kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Tukanunua pia mashine ya kuushtua moyo.

Jana kwenye netiboli, Erica, binti wa jirani yetu Sila, alianguka uwanjani. Alikuwa hapumui.

"Leteni maji!" watu wakapiga kelele.

"Maji hapana! Leteni mashine!" nikasema, nikapiga magoti, nikaanza kukandamiza. Nilipochoka akanipokea Sila mwenyewe, machozi yanamtiririka, haachi kukandamiza. Mashine ikaletwa, ikashtua mara moja. Erica akavuta pumzi.

Dada, najivunia sisi wazazi, wala sioni haya kusema.

Leo nimemwona Erica hospitalini. Madaktari wanasema atapona.

"Mama Ruthu," akaniuliza, "tulishinda?"

Mechi haikuisha, lakini nilimjibu, "Tumeshinda, mwanangu."

Wasalimie wote nyumbani.

Mdogo wako,
Debora