Mkono Uliokuwa Ukiutazama

Baba,

Karatasi za picha zimerudi madukani. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Siku hizi ni ruksa, wafanyabiashara wanaleta wanachotaka, na hapa Musoma sabuni haipangiwi foleni tena. Wewe ulituacha bado tunakula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada.

Tulikuzika Kiriba bila picha juu ya jeneza. Mpiga picha wa watu wote, kuanzia Nyasura hadi Butiama, hakuwa na picha yake mwenyewe. Ilikuwepo negativu moja tu, ile niliyokupiga mimi, na karatasi ya kuisafishia haikupatikana popote. Iliniuma, Baba. Baadaye nikaanza kuusahau uso wako, nikabaki naikumbuka kofia tu.

Siku ile ya picha hapakuwa na mteja. Ulikaa mbele ya lile pazia letu lililochorwa nguzo za kizungu, ukaniambia nami nijaribu. Nikaishika kamera kwa mikono yote miwili. Ukanigombeza: "Mtu asitazamage mashine. Inua mkono, niutazame." Ulifundishwa hivyo na bruda Mwitaliano wa misheni, naye alijifunza kwa babu yake, aliyekuwa na studio huko kwao karne iliyopita, yenye pazia la nguzo kama letu. Nikainua mkono.

Juzi nimeingia chumba cha giza peke yangu. Kiti chako kipo, sikukikalia. Nilipoitumbukiza karatasi kwenye dawa, kofia ilitokea kwanza, halafu kidevu, halafu macho. Nikalia chini ya ile taa nyekundu, na hakuna aliyeniuliza nina nini.

Nimekutundika studio. Wateja ni wachache, wengi wanakimbilia picha za rangi kwa kijana wa mtaa wa pili. Wanaoingia huniuliza mzee anatazama nini pembeni, mbona kama anataka kucheka. Nasema sijui. Mkono wangu haukuingia kwenye picha.

Pumzika, Baba. Chumba hiki sitampa muuza mitumba anayekitaka, nakuahidi, hata akija na maneno matamu kiasi gani. Na kila jioni nikishafunga mlango nitasimama mbele yako, niinue mkono palepale nilipouinua siku ile, macho yako yapate pa kutua.

Binti yako,
Nyamisi