Trekta Isiyo na Usukani

Komarock,
9 Septemba 1995

Kwa Baba,

Hamjambo huko Mwala? Sisi tu wazima. Ile trekta ya mume wangu Mutunga sasa inatembea! Injini ni ya kinu cha posho, na haina usukani wala kiti. Unatembea nyuma yake ukishika kamba mbili, kama unavyoongoza maksai wako. Ukivuta ya kushoto, inakwenda kushoto.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa jirani yetu, mzee Ndete, aliyelima kwa ng'ombe miaka mingi. Ilipomshinda nguvu aliachilia kamba, akaiambia, "Haya, simama!" Ng'ombe wangesimama. Trekta ikaendelea tu, ikaangusha ua wa jirani mwingine, mama Nasima. Tulicheka, kisha Mutunga akatia springi. Sasa ukiachilia kamba, inasimama.

Umeandika kwamba tukiileta utauza maksai. Kwanza unijibu, maana swali hili linanisumbua: wao hujuaje mwisho wa shamba? Krismasi nilikutazama ukilima. Walifika ukingoni mwa korongo, wakageuka wenyewe. Wewe hukuvuta kamba. Nikadhani umewazoesha vizuri.

Lakini barua zako mbili za mwisho hazina mwandiko wako, zina wa mwalimu Nzivo.

Mwalimu, najua ni wewe unayemsomea Baba. Usiruke hapa. Mwambie nakuja Jumamosi ijayo tumpeleke kwa daktari wa macho, na asiuze ng'ombe hata mmoja. Trekta yetu haioni korongo.

Mwanao,
Kalekye