Tope la Shimo la Pili

Jumamosi, 9 Agosti

Wewe uliyegeuza jiwe langu huna adabu, na aliyekulea alikuwa na kazi nyingine. Shimo la mtu halifunuliwi bila kupiga hodi.

Nimeteremka pwani asubuhi maji yamekupwa, kukagua makumbi niliyoyafukia mashimoni. Shimo la kwanza sawa. La pili, jiwe moja limelala tumbo juu. Mimi siweki jiwe hivyo. Pembeni tope limechotwa, pa kuingia ngumi. Makumbi yote yamo. Mwizi gani aache makumbi ya nazi aibe tope?

Yana miezi saba humo chini. Mwezi mmoja zaidi yatakuwa laini, tuyaponde, tutoe usumba, zile nyuzi zake, tusokote kamba. Fundi Salimu anazingoja za kufungia makuti ya paa. Ndiye mteja pekee niliyebakiwa naye. Wengine wamehamia kwenye nailoni. Akiondoka huyu, kazi ya mamangu imekwisha mikononi mwangu.

Nimemuuliza Rukia, mke wa mwanangu. Kasema hajui. Kasema upesi mno.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemnasa. Msichana, jina lake Kadzo, kwao Kaloleni, anasoma chuo kikuu. Viatu vya mpira hadi magotini na kisanduku cha vichupa. "Shikamoo bibi," na tope langu limemjaa mikononi. Nimeitikia marahaba kwa kuwa salamu ni deni. Kumbe Rukia ndiye aliyemwonyesha njia. Nilijua.

Anasema ndani ya tope mna viumbe wadogo, jicho haliwaoni. Wanatoa maji yao, anayaita vimeng'enya, yanakata ile gundi inayoshika kumbi mpaka nyuzi zikaachana. Kama mate yanavyolainisha mkate kinywani. Anawatafuta wenye nguvu, wa kuvunjavunja hata mabua ya mahindi na takataka za shamba.

Nimemwambia makumbi yangu yanalainishwa na maji ya chumvi na subira yangu. Akacheka. "Na hao pia, bibi."

Sikuipenda hiyo "na hao pia". Mtu hatoki mbali kote huko kwa ajili ya tope tu. Tope lina faida, na faida hiyo sijaambiwa mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimehamisha shimo la kwanza lote. Mkokoteni safari tatu. Makumbi yako nyumbani sasa, kwenye tangi la plastiki nyuma ya jiko, ninapokaa mchana kutwa. Nimeyaosha moja moja mpaka yametakata, nikajaza maji ya mfereji. Nikatia na dawa ya maji, vifuniko viwili. Wale wa afya wakiona maji yamesimama uani bila dawa watanipigia kelele za mbu.

Rukia kanuna. "Mama, miaka yote yanakaa pwani, leo yaje jikoni?" Nikamwambia abebe.

Shimo la pili nimeliacha. Mkono wa yule umeingia humo. Alichotia anakijua mwenyewe. Siligusi.

Jumapili, 24 Agosti

Dawa naongeza kila Ijumaa. Maji meupe, mtu angeweza kuyanywa. Makumbi vilevile. Leo nimeponda moja kwa mchi: limevunjika vipande, nyuzi zimekatika zikiwa bado na gundi. Harufu hakuna. Makumbi gani hayanuki?

Yule msichana amekifyonza kile kinacholainisha akakitia chupani, na mimi kaniachia maganda matupu. Naapa.

Simu ya Rukia imelia, akatoka nje kuzungumza. Nimeliona jina kwenye kioo. K kubwa. Kusoma kwangu ni kwa darasa la nne, lakini K naijua.

Alhamisi, 4 Septemba

Fundi Salimu amekuja mwenyewe. Hakutaka hata chai. "Bi Mwanasha, Jumanne nataka nione usumba kwa macho. Nikiuona nitangoja usokote. Nisipouona nachukua nailoni, na mkono ukishazoea nailoni mimi sirudi."

Nikamwambia upo. Sijapata kumwambia mteja uwongo. Nimeona aibu.

Alasiri nikamtuma Rukia amlete rafiki yake, Kadzo. Nilimwambia uso kwa uso, rudisha ulichochukua. Hakukasirika. Akainama juu ya tangi, akanusa. Akauliza nimetia nini. Dawa ya maji, nikasema, kama kila nyumba.

Akakaa kizingitini.

"Bibi, dawa imewaua. Wale wanaotoa vimeng'enya. Na waliokuwa kwenye tope umewaosha."

Rukia akatazama chini. Afadhali angecheka.

Huenda msichana anasema kweli. Huenda anajitoa lawamani. Zimebaki siku tano kufika Jumanne.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekwenda pwani peke yangu. Mawe nimeyatoa kwa mkono, kiuno kinalia. Shimo la pili linanuka mayai viza, harufu yenyewe. Nimevuta kumbi moja, nyuzi zikaachana vidoleni kama nywele zilizotiwa mafuta. Nikatazama pale alipochota yule. Sawa na kwingine. Nimetafuta kosa lake mpaka maji yakaanza kujaa. Sikuliona. Limeniudhi hilo.

Makumbi nimeyaleta nyumbani, tumeponda mimi na Rukia mpaka magharibi. Mikono yake mizuri kwa mchi, sijapata kumwambia.

Mama akichimba shimo jipya alikuwa akilitia karai la tope la shimo kuukuu. Mimi niliona ni ukaidi wa wazee, nikaacha. Hakunieleza sababu. Pengine hakuijua. Kufanya alifanya.

Jumanne, 9 Septemba

Usumba umeanikwa mkekani, rangi ya asali. Fundi Salimu kaufikicha viganjani, akanusa, akasema, "Nusu." Nikamwambia nusu. Akafikiri. Atangoja nisokote, na nusu ya pili ataingoja hadi mwisho wa mwaka. Chai amekunywa.

Makumbi ya tangini yamerudi pwani. Tope la shimo la pili, makarai mawili juu yake. Kadzo anasema huenda yakalainika, huenda yasilainike. Kidogo nimempenda kwa kutoapa.

Ameomba tena kuchota. Safari hii amesimama mbali na mawe, akangoja jibu. Bado simwamini. Wenye vyuo vyao siwajui.

Kesho maji yakikupwa aje. Achote chupa mbili, mimi nimesimama hapo hapo. Na kila chupa aandike Mwanasha, Mikindani, kwa herufi kubwa, nisome mwenyewe kabla hajaondoka.